Barua ya wazi kwa Waziri wa Maliasili na Utalii kuhusu boma na misheni ya Karema

Mheshimiwa Waziri,

YAH: OMBI LA KUTANGAZWA KWA MAJENGO YA KALE YA PAROKIA YA KAREMA, MKOA WA KATAVI

Husika na kichwa cha habari hapo juu.

Sheria ya Mambo ya Kale, Sura ya 333, ilitungwa mwaka 1964 na kurekebishwa 1979. Ndani yake jengo lililosimama kabla ya mwaka 1863 linalindwa lenyewe, bila mtu kuomba. Lililojengwa baada ya hapo linasubiri kalamu ya Waziri na tangazo katika Gazeti la Serikali. Boma la Karema lilianza kujengwa mwaka 1879. Limepitwa kwa miaka 16, na ndiyo maana barua hii imekuja kwako, haikwenda kwa baba paroko wala kwa mkurugenzi wa halmashauri.

Huo mwaka 1863 unaifaa Pwani. Kilwa Kisiwani, Kaole, Kunduchi, misikiti na makaburi ya karne nyingi, vyote vinaingia bila kubisha hodi. Huku bara mambo ni mengine. Karibu kila jengo la kale lililobaki limesimamishwa baada ya hapo, na sehemu kubwa ni ya misheni, tena vijijini, mbali na lami na mbali na ofisi za Dodoma. Sheria haikukusudia kutubagua, lakini ukiifuata kwa tarehe tu, historia ya nchi inaishia Morogoro.

Kwa wasioijua Karema: iko ufukweni mwa Ziwa Tanganyika, Wilaya ya Tanganyika, ikitazamana na Kongo. Agosti 1879 Kapteni Ernest Cambier, Mbelgiji aliyetumwa na jumuiya ya Mfalme Leopold II, alifika hapo kuanzisha kituo. Mwaka huohuo tembo wanne wa Kihindi waliteremshwa Msasani, ili ijaribiwe kama wanaweza kufanya kazi ya wapagazi kutoka pwani hadi Karema. Baadhi walikufa njiani, na mpango ukafa nao. Mizigo ikaendelea kupanda mabegani mwa watu, kama ilivyokuwa siku zote. Mwaka 1885 Wabelgiji waliondoka, wakawakabidhi boma Mapadre Weupe, shirika la wamisionari Wakatoliki. Ngome ikageuka misheni, misheni ikawa makao ya Askofu Adolphe Lechaptois, aliyeongoza vikariati ya Tanganyika (eneo la kanisa ambalo halijawa jimbo) tangu 1891 hadi alipofariki 1917. Shirika la Masista wa Maria Malkia wa Afrika lilizaliwa hapo. Jimbo lenyewe liliitwa Karema kabla ya kuitwa Sumbawanga, na leo parokia iko chini ya Jimbo la Mpanda.

Lakini mtu ninayetaka umkumbuke zaidi ni Adrian Atiman. Alizaliwa nchi inayoitwa Mali leo, kandokando ya mto Niger, akatekwa utotoni na kuuzwa utumwani. Mapadre Weupe walimkomboa Algeria, wakampeleka Malta kusomea udaktari. Alifika Karema mwaka 1889, akaoa hapo, mwanawe akawa padre, naye akatibu watu wa mwambao huo hadi alipofariki mwaka 1956. Mtumwa aliyekombolewa Afrika ya Magharibi akawa daktari wa Watanganyika kwa zaidi ya miaka 60! Sumbawanga kuna hospitali yenye jina lake, Dar es Salaam kuna Atiman House, na wanaopita mlangoni kila siku wengi hawajui jina hilo ni la nani. Mahali alipofanyia kazi ndipo ninapokuombea.

Kuna atakayeuliza kwa nini tutunze ngome ya Leopold. Swali ni halali. Kapteni Emile Storms, aliyeishika Karema kuanzia 1882, ndiye aliyevuka ziwa na kuanzisha kituo cha Mpala upande wa Kongo, na watu wake walimuua mtemi Lusinga mwaka 1884. Fuvu la Lusinga lilipelekwa Ubelgiji, na hadi miaka hii Wakongo na Wabelgiji wanajadili kurudishwa kwake. Mimi nasema hiyo ni sababu ya kulitunza boma. Ukilibomoa, Leopold hapungukiwi kitu, sisi ndio tunaopoteza ushahidi. Na hizo kuta hazikujengwa na Cambier kwa mikono yake.

Halafu kuna ziwa. Cambier alijenga karibu na maji. Mto Lukuga, njia ya ziwa kutokea upande wa Kongo, ulikuwa umefunguka mwaka mmoja hivi kabla ya hapo, na kufikia 1894 maji yalikuwa yameshuka takriban mita 10. Ngome ya bandari ikabaki nchi kavu. Leo, wakati ziwa linapanda na kumeza nyumba za watu mwambaoni, sijui mhandisi gani hangetaka alama ya kale kama hiyo ya kupimia.

Sasa hofu yangu. Karema ina bandari mpya inayotazama Kalemie, na reli ya kisasa ya Kaliua–Mpanda–Karema imo katika mipango. Sina ugomvi na bandari, tumeisubiri sana. Lakini bandari huleta watu, watu huleta viwanja, na viwanja huleta greda. Upande wa pili ni sisi waumini wenyewe. Parokia zetu zinajaa, kanisa la zamani halitoshi, inaitishwa harambee, na mara nyingi uamuzi unakuwa kubomoa na kujenga upya: vigae sakafuni, madirisha ya alumini, bati la rangi. Hata penye nia ya kukarabati tu, fundi anapiga plasta ya saruji juu ya tofali laini zilizojengewa udongo au chokaa. Unyevu unakosa pa kutokea, unaanza kuitafuna tofali kwa ndani, na misimu michache baadaye plasta inabanduka na kipande cha ukuta.

Ndiyo maana siombi tangazo tupu. Tangazo bila fedha wala fundi ni adhabu kwa parokia: hairuhusiwi kugusa, na haina wa kuisaidia. Ninaomba mtaalamu wa Mambo ya Kale afike Karema, akae na paroko, kamati ya parokia na wazee, wapime pamoja kipi ni cha kale na kipi kiliongezwa juzi, ili mpaka ujulikane na kanisa jipya lipate nafasi yake pembeni. Ninaomba mwongozo wa kazi ya chokaa, kwa Kiswahili cha mafundi. Maombi ya ukarabati yajibiwe kwa muda uliopangwa, kwa sababu paa linalovuja halisubiri kikao. Na orodha kamili ya majengo yaliyokwisha kutangazwa nchini ibandikwe katika kila ofisi ya kata inayohusika, maana mwenyekiti wa kijiji hawezi kulinda kitu asichojua kimo.

Wizara yako imeshaonyesha kuwa kazi hii inaweza kugawanywa. Mapango ya Amboni yalipewa Mamlaka ya Hifadhi ya Ngorongoro, Kilwa ikapewa Mamlaka ya Usimamizi wa Wanyamapori (TAWA). Lakini orodha ya awali ya mapendekezo ya urithi wa dunia iliyopelekwa UNESCO mwaka 2006 kuhusu njia kuu ya biashara ya watumwa na pembe za ndovu ilitaja Bagamoyo, Mamboya, Mpwapwa, Kilimatinde, Kwihara na Ujiji. Karema haimo. Tukianza na Gazeti la Serikali, la UNESCO tutalizungumza baadaye.

Tangazo lenyewe halizidi ukurasa mmoja, na vipimo vya eneo vinaweza kuchukuliwa na mpima wa halmashauri. Ninaomba kazi hiyo ifanyike kabla wakandarasi wa reli hawajaanza kutafuta mahali pa kuweka kambi.

Wako katika ujenzi wa taifa,

Mwananchi wa Katavi

Nakala:
Mhashamu Baba Askofu, Jimbo Katoliki la Mpanda
Mkuu wa Mkoa wa Katavi
Mkurugenzi Mtendaji, Halmashauri ya Wilaya ya Tanganyika