Mdogo wangu, daftari lako ninalo

Mdogo wangu, meseji zangu hujibu, wasapu tiki moja tu, basi acha niandike hapa watu wote wasome. Jana usiku nimemsoma yule mama mwanaastronomia wa Ireland Kaskazini, Jocelyn Bell Burnell, yule uliyebandika picha yake juu ya kitanda, nikakosa usingizi.

Kumbe ile antena ya chuo cha Cambridge, Uingereza, ya kunasa mawimbi ya redio kutoka angani, alipokuwa mwanafunzi, waliijenga wenyewe, miaka 2 wanapiga nyundo, eka 4 na nusu za nguzo na waya. Halafu mashine inachora hayo mawimbi, inatema karatasi kama mita 30 kwa siku na wa kuzisoma ni yeye, kwa macho. Mwaka 1967 akaona kadoa ka nusu sentimita hivi, hakafanani na nyota wala na makelele ya huku duniani. Mwingine angekapita. Yeye akakakumbuka, alishakaona sehemu ileile ya anga, akakafuatilia mpaka akapata mapigo, moja kila sekunde 1.3, hayakosei. Ndo pulsa ya kwanza kujulikana hiyo, nyota iliyojiporomokea inazunguka huku inamulika kama taa ya mnara baharini. 1974 Nobeli wakapewa msimamizi wake Hewish na mwenzake Ryle, yeye hakupewa.

Hapo ndo nikakuona arobaini ya bibi, umekaa uani na ungo, mchele unauchambua, mawe unayatoa hata huangalii, unaniambia kaka, mwalimu kaitoa kazi yangu kwa jina lake, nifanyeje? Nikakwambia nyamaza, digrii kwanza. Hukujibu kitu. Ukapeta ule mchele, ukanyanyuka, ikawa basi mpaka leo.

Sasa na wewe nielewe. Ada nalipa mimi, baba hayupo, ningekutuma ukagombane na mtu aliyeshika cheti chako? Hata Jocelyn alisema hakukasirikia ile Nobeli. Akamfuata mumewe kila alikohamishiwa, akashika kazi za nusu siku huku analea mtoto, na bado 1991 akawa profesa, akaja kuwa rais wa chama cha wanaastronomia wa Uingereza. 2018 akapewa tuzo ya dola milioni 3, akaitoa yote wasomeshwe vijana ambao kwenye fizikia huwa hawapati nafasi. Si alivumilia? Ndo nilichokwambia mimi, na wewe ukaenda kuchoma madaftari, miaka 3 ya kazi, jikoni kwa mama, hilo siwezi kukusamehe haraka.

Ila kuna kitu nimekiona jana. Ripoti yao ya 1968 ya kutangaza ile pulsa ilikuwa na majina 5, na la kwake ni la pili. Lilikuwepo. Lako je? Siku ile sikukuuliza hata hilo, nilikuwa nawaza ada tu.

Daftari moja halikuungua, lile la jalada la bluu, nililitoa nikalificha. Sijalifungua. Jumapili nalileta, hata kama hutafungua geti nitakaa hapo nje.