Tumnyang'anye fangasi mkasi wake

Mhariri,

Naomba nafasi niseme hili maana kila siku usugu wa dawa tunaongelea bakteria tu, fangasi tunamchukulia kama muwasho wa kupaka krimu basi. Mimi nimemuuguza dada yangu aliyeingiwa na kandida kwenye damu akiwa amelazwa na tangu hapo siwezi kumdharau tena.

Kandida ni fangasi wa jamii ya hamira, watu wengi tu wanaishi naye mdomoni na tumboni bila shida yoyote, ila kinga ikishuka au antibaotiki zikiwamaliza bakteria waliokuwa wanambana anabadilika, anarefuka kama nyuzi halafu anamwaga enzaimu za kukata protini. Zinaitwa Sap, ziko kama 10 hivi, zinatafuna ngozi laini ya mdomo na utumbo na hata kingamwili zetu zinakatwakatwa humo humo. Kriptokoka naye, yule fangasi wa homa ya uti wa mgongo, ana enzaimu iitwayo yurease inayomsaidia kuingia kwenye ubongo.

Sasa kwanini nguvu zote ziende kwenye kuua tu? Seli ya fangasi inafanana mno na yetu, ndo maana amfoterisini, dawa ya kuua fangasi, inaumiza figo, na ukiua wengi wale sugu wanaobaki ndo wanazaliana. Ukiziba enzaimu fangasi anabaki hai lakini hana cha kupenyea, kinga ya mwili inamalizana naye, na kwa mantiki hiyo usugu nao ungechelewa.

Na sio ndoto jamani. Zile dawa za HIV kama ritonavir na saquinavir zilitengenezwa kuziba protease ya kirusi, yaani enzaimu yake ya kukata protini, maabara wakakuta zinaziba na Sap kwa sababu hizo enzaimu ni za ukoo mmoja. Haziwezi kuwa dawa ya kandida zenyewe, nguvu yake kwa Sap ni ndogo, lakini njia imeshaonekana.

WHO mwaka 2022 walitoa orodha ya fangasi 19 wa kuangaliwa kwa haraka, kandida na kriptokoka wapo kundi la juu kabisa. Kwa hiyo Mhariri, ukurasa wenu wa afya uwatafute wanaotengeneza vizibo vya enzaimu hizi, muwaulize wamefika wapi na wamekwama wapi, sisi tuliokaa pembeni ya kitanda tunataka kujua.

Msomaji wenu