Majeruhi wa ajali wasisainishwe wakiwa wodini

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika safu yako ya barua nizungumzie tabia ya kuwasainisha majeruhi wa ajali za barabarani karatasi za kumaliza madai wakiwa bado wamelazwa, kabla hawajazungumza na mwanasheria yeyote.

Abiria wa bodaboda iliyogongwa na gari amevunjika mguu, ndugu zake wanahangaika kutafuta dawa na damu, ndipo anapofika mtu aliyetumwa na mwenye gari akiwa na fedha za kununulia vyuma vya kuungia mfupa, pamoja na karatasi inayosema kwamba majeruhi amepokea fedha hizo na hana madai mengine. Majeruhi anaweka dole gumba. Mfupa ukija kuunga vibaya na upasuaji wa pili ukahitajika, karatasi ile ile ndiyo inayotolewa kumnyamazisha. Huu ni uonevu, hata kama umefanyika kwa maneno ya upole.

Sheria ya Bima ya Vyombo vya Moto, Sura ya 169, inawataka wenye vyombo hivyo kuvikatia bima ya madhara kwa mtu wa tatu, yaani mtu mwingine anayeumizwa na chombo hicho, hivyo majeruhi hategemei mfuko wa dereva peke yake. Wengi hudhani pia kwamba dereva akishatozwa faini, shauri limekwisha, ilhali faini huenda serikalini na fidia hudaiwa katika kesi ya madai, ambamo hukumu ya kumtia dereva hatiani inaweza kutumika kama ushahidi. Muda wa kufungua madai hayo ni miaka 3. Haraka ya wiki ya kwanza, basi, ni ya mwenye gari, si ya mgonjwa. Aliyeumia akiwa kazini, kama vile utingo, anaweza pia kudai kwenye Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi bila kulazimika kuthibitisha uzembe wa mtu.

Ndugu wa majeruhi watunze kila kitu: nakala ya PF3 (fomu ya polisi ya matibabu ya majeruhi), stakabadhi za duka la dawa, hata za nauli ya kwenda kliniki. Mahakama inaweza kukadiria yenyewe fidia ya maumivu na ulemavu, lakini gharama halisi ni lazima zithibitishwe, na asiye na risiti huzikosa hata kama kila mtu anajua alizilipa.

Sheria ya Msaada wa Kisheria ya mwaka 2017 imeweka utaratibu wa kuwahudumia bure wasio na uwezo, ila mgonjwa aliyelala kitandani hawezi kwenda kumtafuta msaidizi wa kisheria. Naliomba Jeshi la Polisi, askari anapotoa PF3, limpe majeruhi kwa maandishi jina la kampuni ya bima ya gari husika na mahali pa kupata msaada huo wilayani. Nayo Mamlaka ya Usimamizi wa Bima izizuie kampuni kuyatambua makubaliano yoyote yaliyosainiwa kabla daktari hajaeleza kwa maandishi kiwango cha ulemavu utakaobaki.

Msomaji wako,
Morogoro