Anti, mimi ndiye ninayempiga

Anti, shikamoo.

Barua nyingi za hapa ni za wanawake waliopigwa. Yangu ni kinyume chake, na ndiyo maana nimeikalia miezi mitatu. Mimi ndiye ninayepiga. Nina miaka 24, nafanya kazi saluni hapa Dar, upande wa kutoa nywele kwa nta. Mwezi wa kumi na mbili naolewa na kijana mwenye kovu juu ya nyusi, kovu nililompa mimi kwa rimoti ya runinga. Kazini kwake alisema amejigonga kwenye mlango wa kabati.

Kilichonisukuma kuandika ni filamu. Usinicheke. Mteja mmoja alilala kitandani kwangu akaniambia kuna sinema ya Kijapani ya mwaka 2024, dada wa humo anafanya kazi kama yako. Inaitwa Namibia no Sabaku, yaani Jangwa la Namibia. Nikaiangalia kwenye simu, ina urefu wa saa mbili na dakika kumi na saba, nasoma maandishi ya Kiingereza chini huku mwenzangu amelala pembeni.

Huyo dada ni Kana, ana miaka 21, yuko Tokyo, saluni ya kuondoa nywele kwa mashine. Kutwa anawaambia wateja maneno yaleyale, kwamba watasikia ubaridi kidogo, sauti tamu, uso haupo. Mimi yangu ni "vuta pumzi, mpenzi", nadhani nimeshaisema mara elfu kumi. Mwanzoni kabisa yuko mgahawani, rafiki yake anamweleza kwamba mwanafunzi mwenzao wa zamani amejiua, na masikio ya Kana yanahamia meza ya jirani, kwa watu wanaopiga soga za kipuuzi. Pale nikaizima. Mama mdogo alipofariki, wenzangu wanalia ndani, mimi nilikuwa nawasikiliza wanaume nje wakibishana bei ya kukodi turubai. Sijawahi kumwambia mtu hilo. Nilidhani ni roho mbaya yangu peke yangu.

Nikaiwasha tena usiku uliofuata.

Kana anaishi na mwanamume anaitwa Honda. Mpole mno. Kana akirudi amelewa anahudumiwa, anapikiwa, anabembelezwa. Honda anakwenda Sapporo kikazi, akirudi anakiri kwamba alikwenda kwa wanawake wa kulipia, na Kana anaondoka, ila alikuwa na mwingine tayari, Hayashi. Kwa Hayashi ndiko vita inaanza. Anarusha, anapiga mateke, anang'ang'ania, na Hayashi naye anamkamata wanagaragara sakafuni. Kana anadondoka ngazini, anavalishwa kola ya shingo, anahudumiwa. Akipona kidogo, mkong'oto upya.

Mimi njia yangu ilikuwa ya kurudi nyuma. Nilianza na Hayashi wangu, kijana wa moto kama mimi, tulipigana hadi mwenye nyumba akatutolea vyombo nje. Nikasema tatizo ni yeye. Nikatafuta mpole, nikampata, anapika kuliko mimi, hajawahi kupandisha sauti. Miezi minne ya kwanza nikajiona nimepona. Halafu siku moja akaniuliza kwa upole kama nimekula, nikamrushia kikombe. Hakuna alichokosea, Anti. Upole wake ulinikera kama nzi sikioni. Nikishamaliza nalia, yeye ananifuta machozi, na kule kufutwa machozi ndiko kunanipa hasira ya pili.

Kuna mahali kwenye ile filamu, katikati ya ugomvi, unamwona Kana yuko pengine kabisa, anatembea kwenye mashine ya mazoezi, anajitazama kwenye simu akipigana. Watu wengine labda wataona ni mbwembwe za wasanii. Ndivyo inavyokuwa. Mkono unakwenda, na mimi nipo kando naangalia, nasema huyu dada anaumiza mtu. Mwongozaji ni mwanamke, Yoko Yamanaka, mzaliwa wa 1997. Nilitafuta makusudi, nikihofia ni mwanamume aliyekaa akatubuni.

Nilichomlaumu ni kwamba hasemi Kana ana nini. Kana anazungumza na daktari kwa skrini, lakini hatoki na jibu la kushika mkononi. Nililitaka hilo jibu, nilingoja hadi mwisho. Kwetu majibu ni mengi kupita kiasi. Mama anasema ni jini mahaba, ameshapanga kisomo. Rafiki yangu anasema ni hedhi, nikaanza kuandika tarehe, hazilingani. Mwenzangu anasema ni uchovu. Kaka yangu anatania kwamba nitapelekwa Mirembe, hospitali ya wagonjwa wa akili, na nyumba nzima inacheka. Mwezi uliopita nilifika Muhimbili, nikauliza kliniki ya afya ya akili, nikaelekezwa vizuri kabisa. Nikanunua maji ya chupa, nikakaa kwenye benchi hadi yakaisha, nikarudi Tabata.

Sasa tatizo lenyewe. Nusu ya mahari imeshatolewa, kamati imekaa mara moja. Nataka tuahirishe. Lakini nikisema tuahirishe wataniuliza kwa nini, na sababu nikiitaja, anayeaibika ni yeye. Unajua mwanamume aliyepigwa na mchumba anavyosemwa hapa mjini, kuanzia kijiweni hadi kwa wajomba zake. Amenishika mikono akaniapisha nisimwambie mtu yeyote. Hata barua hii ni usaliti. Nikinyamaza, nitaolewa, tutazaa, na mtoto hatajua kusingizia kabati.

Nimefikiria kumwendea mama yake peke yake. Ni mtu mzima, ameona mengi, ila mwanawe ni wa pekee. Nimefikiria pia kuondoka bila maelezo, nionekane malaya tu, yeye abaki na heshima yake. Hilo naliona jepesi kuliko yote, na ndiyo maana siliamini. Kana naye aliondoka.

Basi naomba unijibu haya. Je, niende kliniki kwanza, kimya, kabla ya kugusa habari ya harusi? Nikienda niende naye, au uwepo wake utanifanya niseme uongo, maana ataanza kunitetea mbele ya daktari? Na mama yake aambiwe, au hilo ni lake yeye mwenyewe kusema?

Usiniambie nisali tu. Nasali.

Jingine nitakalokwambia ni dogo. Kana ana tabia ya kutazama kwenye simu video ya wanyama jangwani Namibia wakija kunywa maji. Kamera kama hiyo ipo kweli mtandaoni, inaonyesha moja kwa moja usiku na mchana. Siku hizi nikiona mkono unaanza kuwasha naingia chooni, najifungia, naifungua. Mara nyingi hakuna kitu, dimbwi na mchanga. Juzi alikuja choroa mmoja, akainama, akanywa muda mrefu, hakuna aliyemsumbua. Nilipotoka hasira ilikuwa imepungua. Wiki hii imenisaidia mara mbili. Mara ya tatu intaneti ilikatika.

Nimesoma kwamba Yuumi Kawai, aliyeigiza Kana, alipokuwa bado hajaanza kazi hiyo alitazama filamu ya kwanza ya Yamanaka, akampa barua kwa mkono wake mwenyewe kumwambia atakuwa mwigizaji. Nikasema kama yeye aliweza kumwandikia mtu asiyemjua, nami nitamwandikia Anti.

Kikao cha pili ni Jumapili ya mwisho ya mwezi huu, siku hiyo kadi zinapelekwa kuchapwa. Nijibu kabla ya hapo, na usiutaje mtaa. Namsikia jikoni anakuna nazi, ameniita mara mbili.

Ni mimi, dada wa nta,
Dar es Salaam