Mama wa indiketa

Tanga, Jumapili usiku

Shoga yangu Mwanaidi,

Habari za tangu tuachane? Huku hatujambo, ila mvua imetufungia ndani tangu Ijumaa. Hongera kwa leseni! Nilicheka peke yangu kusoma jinsi mwalimu alivyokuwa akikufokea kila kona: "Indiketa, mama, indiketa!" Basi nikupe kisa, ujue ugomvi wako ulianzia kwa nani.

Alikuwako mwigizaji wa enzi za sinema bubu, Florence Lawrence, mzaliwa wa Hamilton, Kanada, mwaka 1886. Mama yake alikuwa mtu wa jukwaani, na mtoto akakulia humo humo. Mwaka 1908 akaingia kampuni ya Biograph, New York. Kampuni hiyo haikutaja majina ya waigizaji, kwa kuchelea kwamba wakipata umaarufu watadai mishahara minono. Watazamaji wakampenda hivyo hivyo, wakambatiza "Msichana wa Biograph".

Mwaka 1909 akachukuliwa na Carl Laemmle, mwenye kampuni ya filamu ya IMP. Mwaka 1910 zikavuma habari kwamba Florence amekufa, kagongwa na tramu. Laemmle akatoa tangazo lenye picha na jina lake: yu hai, huo ni uzushi wa mahasidi! Wengi wanaamini mzushi alikuwa Laemmle mwenyewe. Florence alipopelekwa St. Louis ili watu wamwone kwa macho yao, ukafurika umati wa kutisha. Mimi kisa hiki kinanichekesha na kuniudhi papo hapo. Yaani mwanamke wa watu, ili atajwe jina, mpaka azushiwe kifo!

Sasa lako. Florence alipenda magari kama wewe unavyopenda vitenge. Akabuni mkono wa nyuma ya gari, unabonyeza kitufe unainuka au kushuka, wa nyuma ajue unakata upande gani. Akabuni na kibao cha "simama" kinachochomoza ukikanyaga breki. Hakukisajili hata kimoja, kwa hiyo hakuambulia kitu. Mama yake naye, mwaka 1917, alisajili waipa ya umeme. Mama na mwana, wote mafundi! (Na bado shemeji yako anasema wanawake na magari wapi na wapi.)

Baadaye aliungua kwenye moto wa studio, na kazi zikaanza kupungua. Miaka ya 1930 alikuwa akipewa vijisehemu tu katika filamu za kampuni ya MGM, na jina halitajwi tena. Mwaka 1938 akajitoa uhai. Kaburi lake kule Hollywood lilikaa bila jiwe hadi 1991, alipotokea mwigizaji mmoja wa Uingereza akalilipia, kwa sharti moja: yeye asitajwe.

Nakuja mwezi ujao, Mungu akipenda. Unipokee stendi na hilo gari, na ole wako ukate kona kimyakimya nikiwa ndani.

Wasalimie watoto.

Wako,
Zuhura