Barua kwa dada yangu wa Tukuyu: lile kaunta buku

Dada, shikamoo.

Najua mambo ya mtandaoni si yako, lakini mwanao atakusomea.

Tangu tumzike mama hatujaongea vizuri. Nikipiga unasema "salama tu", halafu unasema mtandao unasumbua. Mtandao hausumbui, dada. Kinachotusumbua ni ule usiku wa pili wa matanga.

Mvua ilikuwa inapiga bati, wajomba wamekaa mkekani. Ukaingia na kaunta buku nene, kalamu nyekundu umeichomeka kwenye kilemba. Ukasoma nani kaleta nini: mchele, kuni, mikungu ya ndizi. Ulipofika kwangu ulinyamaza kidogo, kisha ukasoma: "Elfu thelathini. Krismasi nne hajafika." Wala hukupandisha sauti. Mjomba akakohoa. Mimi nikabaki naangalia vidole vyangu vya miguu, bado vina udongo wa kaburini.

Nilikuchukia, nasema kweli. Asubuhi nikalifungua lile buku kutafuta hesabu ya turubai, nikakuta kurasa za nyuma. Zilikuwa zako mwenyewe. Ijumaa ulizofunga. Jumamosi ulizofagia kanisa. Bahasha za ahadi ulizomaliza kabla ya wakati. Na juu kabisa, umepigia mstari mara mbili: "Siku ile nilikuwa sokoni."

Jamani, dada yangu. Mama aliteleza njia ya kisimani kwa sababu mvua ilinyesha usiku kucha, na Tukuyu unaijua. Wewe ulikuwa sokoni unauza ndizi ili yeye apate kula. Nani kakuambia Mungu anakudai kwa hilo? Tumelelewa katika kanisa la Moravian, lililofika hapo hapo Rungwe mwaka 1891, na kwenye kipaimara tulikaririshwa Waefeso 2 mpaka tukaiota: tumeokolewa kwa neema, "wala si kwa matendo". Paulo anawaambia Wakolosai kuwa ile hati iliyoandikwa ya kutushitaki, Bwana ameifuta, akaigongomea msalabani. Hati, dada! Ndilo hilo kaunta buku. Yeye kaligongomea, wewe umekwenda kuling'oa unaendelea kujaza kurasa.

Sisemi usifagie. Fagia, lakini fagia kama mtoto wa nyumba ile, si kama kibarua anayekatwa deni. Anayejidai mwenyewe usiku na mchana ataachaje kuwadai wenzake? Ndipo nilipokuelewa, ingawa uchungu haujaisha.

Maana na mimi sikukataa kuja. Nauli ya watu watano msimu wa Krismasi unaijua inavyopanda. Mwenye nyumba anataka kodi ya miezi sita kwa mkupuo. Mwaka ule wa tatu mke wangu alikuwa amelazwa. Sikukwambia, ni kweli, ila ningekwambia ungesema natafuta sababu. Na pesa nilituma. Si kila mwezi, lakini nilituma, na meseji zote ninazo kwenye simu, tarehe na kiasi. Ungeuliza ningekuonyesha mbele ya wajomba wale wale.

Kile kitenge cha mama cha maua ya zambarau bado kipo? Naomba usimpe mtu.

Agosti 13 nakuja. Unaikumbuka siku hiyo tangu Shule ya Jumapili: Wamoravian wa Herrnhut kule Ujerumani, waliokuwa wamegombana, wakashiriki Meza ya Bwana pamoja mwaka 1727 na mioyo yao ikapatana. Nasikia tangu msiba husogei mezani, unabaki umeinama kwenye benchi wenzako wakienda. Siku hiyo nitakaa pembeni yako. Twende wote, hivyo hivyo tulivyo, mimi na Krismasi zangu nne na wewe na siku yako ya sokoni.

Jana usiku nilianza kufuta zile meseji, moja moja. Nimefika ile ya Machi, ya dawa za presha za mama, nikazima simu.

Ndaga, dada. Msalimie mjomba.

Mdogo wako