Gari linavuka bahari, kasoro zake hatuambiwi

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi niseme na wenye yadi za magari wa hapa Mwanza, na kupitia kwao wanaosimamia biashara hiyo. Jambo lenyewe ni haya magari madogo ya juu yaliyojaa mjini siku hizi: X-Trail, Dualis, RAV4, Forester, Vezel, CR-V na mengine ya aina hiyo. Tunayapenda na sababu zipo. Njia za kupanda Isamilo au Bugarika hazitaki gari la chini, na injini isiyozidi cc 2000 haikamuliwi ushuru kama kubwa. Mtu wa mshahara anajibana, anakopa kwenye saccos, ananunua. Halafu giaboksi inaanza.

Dalili anazijua kila aliyewahi kukaa kwenye benchi la gereji pale Nyakato. Asubuhi gari liko safi. Mchana, ukishatoka kwenye foleni ya Mabatini na jua limewaka, unakata kuelekea mlima wa Bugando, unakanyaga mafuta, injini inalia lakini gari halitoki. Linatetemeka. Taa inawaka kwenye dashibodi. Ukilipaki pembeni likapoa, linapanda bila shida. Mwenye gari anajipa moyo, wiki nyingine inapita.

Langu lilifanya hivyo hivyo. Jina la kampuni silitaji, maana ugomvi wangu si na aliyelitengeneza. Fundi alipofungua sampu, ile sahani ya oili chini ya giaboksi, alinionyesha zile sumaku ndogo za chini: zimeota ndevu za chuma, za kijivu, laini ukizigusa, zinabaki kwenye vidole. Oili iliyotoka ilikuwa nyeusi, inanuka kuungua. “Mzee, hii walishaiwekea haidroliki ya kawaida,” akasema. Yadi niliponunua walinihakikishia kwamba gari limefanyiwa sevisi kamili kabla ya kukabidhiwa. Kama fundi wangu yuko sahihi, sevisi hiyo ndiyo iliyoiua giaboksi.

Nieleze kidogo kwa asiyejua. Mengi ya magari haya yana giaboksi ya CVT, ambayo haibadilishi gia moja baada ya nyingine. Ndani kuna puli mbili na mkanda wa chuma kati yake. Subaru wao wanatumia mnyororo. Puli zinatanuka na kubana, ndiyo maana husikii gari likibadilisha gia. Mkanda ule haushikwi na meno, unashikwa kwa msuguano tu, na oili ndiyo inayoufanya msuguano huo uwepo bila chuma kulana na chuma. Haidroliki, ile oili nyekundu ya otomatiki inayouzwa kila duka la spea, imetengenezwa kwa kazi nyingine. Ukiimimina humo mkanda unateleza, unakwaruza puli, chembe za chuma zinasambaa hadi kwenye vali, joto linapanda, na kwa milima hii yetu halishuki upesi. Kila kampuni ina oili yake: Nissan wana NS-2 na NS-3, Honda wana HCF-2 kwa nyingi za karibuni, Toyota wana FE. Si mbwembwe za kuuza oili ghali.

Mafundi wetu siwalaumu sana. Wengi wamejifunzia kwenye Corolla na Mark II, na kwa giaboksi zile ni mabingwa. Kitabu cha gari kimeandikwa Kijapani, tena mara nyingi hakifiki kabisa. Atajuaje? (Ila wale wanaojaza rejeta maji ya bomba badala ya kulanti wanisamehe, hilo nawalaumu. CVT nyingi hupozwa kupitia rejeta hiyo hiyo. Ikishaziba kwa kutu, giaboksi inakosa pa kupoozea.)

Sasa ugomvi wangu. Kwa wenzetu mwenye gari akilalamika ana pa kuandikisha. Marekani wana NHTSA, mamlaka ya usalama wa magari na barabara iliyoanzishwa mwaka 1970. Lalamiko linapokelewa bure; yakirundikana ya aina moja wanachunguza, na kampuni inaweza kulazimika kuyaita magari iyatengeneze kwa gharama yake. Mwaka 2009 Nissan huko Marekani waliongeza dhamana ya CVT kwa magari ya miaka ya 2003 hadi 2010, ikafika miaka 10 au maili 120,000, ambazo ni kama kilomita 193,000. Miongoni mwake lilikuwamo Rogue, ndugu wa damu wa X-Trail na Dualis tunazoendesha hapa. Mwenye Rogue alipelekewa taarifa kwa jina lake. Mwenye Dualis wa Igoma nani alimwambia kitu?

Na si Marekani tu. Mwaka 2014, Japani kwenyewe, Honda waliziita Fit Hybrid na Vezel Hybrid zaidi ya mara moja kwa kasoro mbalimbali, zikiwamo za programu inayoongoza giaboksi ya klachi mbili. Waliozipeleka walirekebishiwa bure. Sasa chukua Vezel ya wakati ule, imeuzwa mnadani, imepanda meli hadi Dar, imeendeshwa zaidi ya kilomita 1,100 kuja Mwanza. Ilirekebishwa au haikurekebishwa? Muulize dalali swali hilo uone atakavyokutazama.

Liko na kubwa kuliko giaboksi. Mifuko ya hewa ya kampuni ya Takata, ile inayofumuka kumkinga mtu gari likigonga, ilikuwa na kemikali ya kulipulia, nitrati ya amonia, ambayo ikikaa miaka mingi kwenye joto na unyevu inaharibika, na siku mfuko unapofumuka unarusha vipande vya chuma usoni mwa dereva. Marekani peke yake viliitwa vilipulizi (vifaa vinavyoufumua mfuko) karibu milioni 67, na Takata ikafilisika mwaka 2017. Zimo RAV4, CR-V na X-Trail za miaka ya 2000, hizo hizo tunazorithishana. Joto na unyevu wa miaka mingi, Mhariri. Tunaishi kandokando ya ziwa, chini ya kilomita 300 kutoka ikweta.

Kuangalia kama gari limewahi kuitwa si kazi ngumu. Gari lililotengenezwa kwa soko la Japani halina ile namba ya tarakimu 17; lina namba fupi ya chesisi, ndiyo maana ukiiingiza kwenye tovuti ya Marekani inakukatalia. Lakini tovuti za kampuni zenyewe huko Japani zina mahali pa kuiweka, zikakueleza kama gari limeitwa na kama limeshatengenezwa. Ni kwa Kijapani, sawa, ila simu inatafsiri. Mtu aliyeweza kununua gari mnadani Japani akiwa amekaa mjini hapa hashindwi hilo.

Kwa hiyo naomba karatasi moja tu, ikabidhiwe pamoja na kadi ya gari: namba ya chesisi na majibu ya tovuti hiyo, aina ya oili iliyomo kwenye giaboksi, na nani aliiweka. TBS, shirika la viwango, wanakagua breki, taa, usukani. Giaboksi itakayokufa miezi sita mbele haionekani kwenye ukaguzi wa namna hiyo, na sitegemei waione. Ila Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003, inayosimamiwa na FCC, yaani Tume ya Ushindani, inakataza kumpotosha mnunuzi. Kumwambia mtu “sevisi kamili” wakati giaboksi imejazwa oili ya kubahatisha ni nini kama si kumpotosha? FCC nao wafungue daftari la malalamiko ya magari, kwa aina na mwaka wa gari, na walitangaze. Tukiona wenye gari la aina fulani Kanda ya Ziwa nzima wanalia na kitu kimoja, bei yenyewe itashuka mpaka ifanane na ubovu.

Najua nitakavyojibiwa. Mtumba hauna gerentii. Mteja aliliona, akaliendesha, akaridhika. Aliliendesha wapi? Kutoka getini hadi barabara ya Nyerere na kurudi, oili ikiwa bado ya baridi, huku kijana wa yadi amekaa pembeni anamhesabia mafuta. CVT mbovu haijionyeshi kwa safari hiyo.

Basi nawauliza wenye yadi wa Mwanza, na ningefurahi wakajibu humu humu gazetini: nani kati yenu yuko tayari kumwachia mteja gari, aweke mafuta kwa hela yake, alipeleke hadi daraja la Kigongo–Busisi na kurudi mchana wa jua, kabla hajalipa?

Msomaji wako,
Buzuruga, Mwanza